Safu ya Tatu

Daftari la boma la Mpwapwa limeliwa na mchwa
kuanzia nyuma kuja mbele.
Kurasa za mwisho ni vumbi, na vumbi hilo
nimelipangusia sketi yangu
kabla sijajiuliza ni nani.

Safu ya kwanza, namba. Ya pili, mwenye mali.
Ya tatu, mali yenyewe.
Mwandiko umelala upande mmoja kama uwele uliopigwa na upepo,
Kijerumani cha mkono, na Mzee Lukuwi wa ghala la nyaraka
ananisomea kwa Kiswahili huku akimenya karanga:

"Arobaini na saba. Mwanamke. Miaka kama ishirini.
Meno mawili ya chini hayapo. Anaitwa Faida.
Rupia arobaini. Amejikomboa kwa kibarua cha…"
Hapo mchwa amekula.

Kibarua cha nini?
Usiku, nyumbani Dodoma, najaza.
Nimembebesha mawe ya boma hilohilo,
nimemtwangisha nafaka ya askari,
nimempandisha Kiboriani kuteka kuni
na kumshusha mara mbili kwa siku.
Nimempa kazi saba. Zote zinamchosha,
na bado hajatimiza rupia kumi.

Na hilo Faida.
Hakuna mama wa Kigogo aliyepakata kichanga
akawaza faida.
Atakuwa aliitwa jina la mvua, au la njaa ya mwaka ule,
au la ng'ombe aliyezaa usiku huohuo zizini.
Nimeyajaribu yote kwa sauti ndogo.
Hakuna lililogeuka kuniangalia.

"Na mwenye mali?" nikauliza siku ya tatu,
kwa kutaka tu ukurasa ukamilike.
Mzee Lukuwi akasogeza miwani.
"Mwinchande bin Sefu."
Akaacha kumenya.

Jina hilo liko kwenye kitambulisho changu.
Liko kwenye bili ya maji.
Nililiandika mwenyewe asubuhi ile, mlangoni,
kwenye kitabu cha wageni, kwa herufi kubwa.
Nilidhani nimekuja na taa kumtafuta aliyepotea gizani;
kumbe mkono wangu mwingine
ulikuwa umemshika kifundo.

Nikampigia Shangazi Mkejina.
"Watumwa? Sisi? Sisi hatukuwa na watumwa, mwanangu.
Tulikuwa na watu wa nyumbani."
Kimya. Nikasikia kuku wake.
"Bibi, mama yake baba, ukoo wake hatukuujua.
Mama Sefu, basi. Mtu wa hapahapa.
Alikuwa akicheka anaziba mdomo."
Kisha, kama mtu aliyekuta sarafu kwenye pindo la kanga:
"Siku ya kufa kwake aligeukia ukuta.
Akawa anasema neno moja, mbukwenyi, mbukwenyi.
Mimi nina miaka tisa, nimeshika kikombe cha uji.
Wakubwa wakasema ni homa."

Kigogo sikukifunzwa. Kwetu kilikuwa lugha ya uani.
Ila neno hilo nalijua, kila Jumamosi nalisikia Majengo
kwa wauza mlenda. Mmoja husalimiwa mbukwa.
Mbukwenyi ni ya wengi.

Chumbani alikuwamo mtoto mmoja na kikombe.

Fomu ya ghala inadai: jina kamili.
Nimeliacha wazi.
Mzee Lukuwi amelikubali, ingawa mkuu wake
anasema kompyuta haipokei pengo,
niweke hata nukta.

"Tuendelee," anasema.
"Arobaini na nane. Mtoto. Wa kiume.
Mwenye mali, yuleyule."
Namwambia asubiri.
Natazama sketi, pale pa juzi,
doa la kijivu, ukubwa wa kiganja.
Nimeifua mara mbili.
"Basi," namwambia. "Soma. Polepole."